Mama, punda, na watu wote tunaowaita "daktari wa macho"

Punda ndio waliotwambia kwanza, kabla ya mtu yeyote mwenye koti jeupe. Anayeijua Lamu anajua vichochoro vyetu vilivyo, pahali pengine ukinyoosha mikono miwili umeshika kuta za nyumba mbili, na punda anapita hapo hapo na magunia ya mchanga huku na huku, nyuma yake kijana anapiga kelele simile, simile, nawe unajibana ukutani apite. Mtoto wa miaka mitatu anajua hivyo. Sasa Mama, aliyezaliwa Langoni na hajawahi kuhama Langoni, akaanza kugongwa na punda. Mara ya kwanza tulicheka. Mara ya pili gunia lilimkwaruza mkono wa kushoto mpaka buibui likachanika, na mara ya tatu akaanguka akateguka kifundo cha mguu, kijana wa punda karibu alie, anaapa wallahi nimempigia kelele, ameenda mbele tu kama hakuna kitu.

Kabla ya huyo wa tatu, sisi watoto tulifanya kikao cha WhatsApp, manake dada yangu mmoja yuko Malindi na mwengine Mombasa, tukaamua ni masikio. Mtu asiyesikia simile si amekuwa kiziwi huyo? Mwaka ule ule wa kugongwa kwa mara ya kwanza nikampeleka kupimwa masikio, akatolewa nta ya kujaza kisoda, akaambiwa anasikia kuliko mimi. Baadaye akagongwa tena. Kushoto tena. Hapo ndipo ningejiuliza mbona kila siku ni kushoto, lakini sikujiuliza.

La kuniuma zaidi ni kwamba mpaka wakati huo Mama alikuwa ashapita kwa watu watatu wa macho, au watu tuliodhani ni wa macho. Na nikikaa nikifikiria, hakuna hata mmoja aliyefanya kosa kubwa katika kazi yake. Sisi ndio tulidhani kazi yao ni moja. Kwetu yeyote mwenye tochi na ile bango la herufi ukutani ni "daktari wa macho", tushamaliza, hatuulizi zaidi.

Ngoja nianze mwanzo.

Mama anashona kofia. Zile za mkono, vitundu vidogo vidogo kila kimoja kinazungushiwa uzi mpaka kitulie, kofia moja inaweza kumla miezi na akikosea safu anafumua bila huruma. Alipofika kama miaka 45 sindano ikaanza kumshinda, akawa anainyoosha mkono mbali kama mtu anayejipiga selfi. Hili halina ajabu, ukikaribia 40 ile lenzi ya ndani ya jicho inaanza kukakamaa, haiwezi tena kujitunisha ili uone kitu cha karibu, ni kama mvi tu, itakupata upende usipende. Akanunua miwani ya sokoni, zile zinazoning'inizwa zimebandikwa +1.50, +2.00, unazijaribu huku unasoma pakiti ya majani ya chai. Ikamfaa. Mimi siipondi hiyo miwani, mtu ambaye macho yake yote mawili yako sawa na tatizo ni la karibu tu inamsaidia vizuri sana na kwa bei ndogo. Ila haikuulizi kitu. Mama kila akiona giza alipanda namba, +2.00, +2.50, +3.00, na giza lenyewe wala halikuwa la namba.

Dada wa Malindi akasema aletwe huku apimwe kwa kompyuta, bure, kuna duka limeandika hivyo mlangoni. Haya. Tukaenda. Kijana mmoja mpole sana, koti jeupe, akamkalisha Mama mbele ya mashine, kidevu hapa, paji la uso hapa, ndani unaona barabara ndefu imenyooka na mwisho wake puto kubwa la rangi, linafifia halafu linarudi. Sekunde chache karatasi ikatoka kama risiti ya supamaketi. Mama alifurahi, akaniambia mashine hii imeona kila kitu.

Nami niliamini hivyo hivyo! Kumbe mashine ya puto inakadiria namba ya miwani, basi. Ni kama fundi cherehani anapokupima kiuno, atajua suruali yako, hatajua kama una vidonda vya tumbo. Kijana akamsomesha herufi, Mama akateremka nazo mpaka karibu na mstari wa chini, akauziwa lenzi zile zisizo na mstari, mbali juu, karibu chini, shilingi elfu 14 pamoja na fremu. Ile kusoma herufi vizuri ndiyo iliyotulaza usingizi. Lile bango, la mtindo aliouanza daktari wa Kiholanzi Herman Snellen mwaka 1862, linapima jinsi katikati ya jicho inavyoona kwa ukali, ukisimama mita 6 (duka lenyewe halikufika mita 6, walitumia kioo kurefusha, na nikawaza ile vyumba vyetu vya zamani vya boriti vingewafaa maana ni vyembamba lakini virefu). Pembeni mwa jicho bango haliulizi.

Miwani yenyewe ikamtesa. Nyumba yetu ngazi zake ni za kizamani, vipago virefu, na Mama akawa anashuka kama anatia mguu majini, hajui chini iko wapi. Tukarudi Malindi na manung'uniko. Safari hii tulimkuta mzee mmoja, fundi wa miwani, yeye koti hana, ana rula ndogo na kalamu. Akavuta kiti akakaa macho yake yawe sawa na ya Mama, si juu si chini, akapima kutoka mboni hadi mboni, akasema 58, lenzi hizi zimewekwa kwa 64. Milimita 6! Akamvisha fremu, akaibana kwenye masikio, akakaza vile vidude vya puani, akamwambia angalia mbele kawaida kama unavyoangalia bahari, akatia nukta kwenye kioo mbele ya kila mboni, halafu akaagiza lenzi zikatwe upya. Alipomaliza Mama alishuka ngazi za lile duka huku anazungumza na simu. Nilimheshimu yule mzee toka siku hiyo, na ukitaka kujua fundi wa miwani ana kazi gani ndiyo hiyo, namba iwe sahihi namna gani, lenzi ikikaa pahali si pake utaumwa na kichwa na utaona sakafu imeinama.

Na ni yeye, peke yake kati ya wale wote, aliyesema jambo la maana. Alisema: "Mama, mimi natengeneza miwani, ugonjwa sipimi. Ulishaangaliwa ndani ya jicho?"

Tukamjibu ndio. Mimi na Mama, kwa pamoja kama tumefundishwa. Si alitiwa kwenye kompyuta?

Mtu wa tatu alikuwa wa duka la dawa, huku kwetu. Mama akilalamika macho yanachoka jioni nikapita kununua matone, nikapewa ya macho mekundu, hayakumdhuru wala hayakumsaidia. Tulipata bahati kwa sababu kuna matone mengine mtu hafai kupewa hivi hivi. Jirani yetu ana mtoto wa chuoni ambaye kila msimu wa upepo na vumbi macho yanamuwasha anayasugua mpaka yanavimba, akawa ananunuliwa kichupa kimoja, kinatuliza siku ile ile, kikiisha kinanunuliwa kingine, mwaka mzima. Kumbe ndani mna steroidi, dawa kali ya kutuliza uvimbe na muwasho. Steroidi kwenye jicho ni dawa nzuri ikisimamiwa, isiposimamiwa inaweza kupandisha presha ya jicho, yaani msukumo wa maji yaliyo ndani yake, na kuleta mtoto wa jicho hata kwa mtoto mdogo. Mfamasia aliyesoma anajua hili na atakuuliza cheti cha daktari. Yule anayeshikilia duka wakati mwenyewe ameenda kuswali, sijui.

Sasa mguu. Ule mguu ulioteguka ndio uliotuokoa, alhamdulillahi. Tulikuwa hospitali ya serikali anafungwa bandeji, nesi akauliza umeanguka vipi, Mama akamsimulia habari za punda kwa kirefu, nesi akauliza ni wa ngapi huyo, akaambiwa wa tatu, akasimama na bandeji mkononi akasema bibi, ukitoka hapa usiende nyumbani, pitia chumba cha macho kule mwisho.

Chumba cha macho alikuwako msichana, nisingempa zaidi ya miaka 30. Nikamwita daktari. Akanisahihisha pale pale, bila kiburi: mimi si daktari, ni klinikal ofisa wa macho. Nami, niseme ukweli wangu, moyo ulishuka. Nikawaza tumepewa mdogo.

Hakutoa mashine. Alikaa mbele ya Mama, magoti karibu yagusane, akamwambia ziba jicho la kulia, niangalie mimi puani, usihamishe macho, niambie ukiona vidole vyangu vinacheza. Akaleta mkono kutoka pembeni, kushoto kwa Mama, anachezesha vidole pole pole, anaukaribisha. Mimi nimekaa kwenye benchi naona. Vidole vinakuja, Mama kimya. Vinakuja, vimepita bega, vimepita sikio, Mama bado anamwangalia usoni anangoja, ana tabasamu la mtu mwenye adabu, na vidole viko karibu na pua ndipo akasema "ee, hivyo naviona". Nilihisi tumbo limepoa. Mama yangu mzazi, kila siku nakula naye, na huku kote hakukuwa na kitu.

Akamtia tone la ganzi na rangi ya manjano, akamweka kwenye ile darubini yenye taa, mwanga wa buluu, akapima presha. Jicho la kushoto 34, la kulia 29. Kwa watu wengi inakuwa kati ya 10 na 21, akasema, na akaongeza kuwa namba peke yake si hukumu, wako wenye presha ya kawaida na wanaugua vile vile, ndiyo maana lazima kuangalia mshipa wenyewe wa fahamu nyuma ya jicho. Akauangalia. Halafu akatuchorea nyuma ya kadi kikombe kwenye sahani: hivi ndivyo mshipa unavyoonekana ukitazamwa kwa mbele, kikombe kidogo ndani ya sahani, na kwa mama kikombe kimekuwa kikubwa kimeila sahani yote. Glakoma. Presha ya macho, ndilo jina letu, na watu huichanganya na presha ya mwili lakini ni mambo mawili mbali mbali.

Jicho la kushoto lilikuwa limebaki tundu la katikati tu, kama mtu anachungulia kwenye bomba. La kulia limeanza kuliwa upande wa puani. Ukiweka hayo mawili pamoja, upande wa kushoto unakuwa hauna mlinzi, na punda wanapita. Lakini herufi za ukutani? Herufi zinaingia kwenye bomba vizuri kabisa.

Wacha nimalize habari ya klinikal ofisa kwa sababu nina deni naye. Huyu si daktari aliyeshindwa. Anasoma diploma ya tiba miaka mitatu, anafanya intanshipu, yaani mazoezi ya kazi hospitalini, anafanya kazi, halafu anarudi KMTC, chuo cha serikali cha mafunzo ya tiba, kusomea macho peke yake. Wengine wanasomea zaidi hata wanafanya opereshini ya mtoto wa jicho. Kisiwani Lamu na vijiji vya Pate na Faza na kule Kiwayu, ukingoja daktari bingwa utangoja, mabingwa ni wachache na wengi wamekaa Nairobi, kwa hivyo anayekuangalia jicho ni huyu. Kuna mzee wa Matondoni, nahodha, rafiki wa marehemu baba yangu, alitolewa mtoto wa jicho na klinikal ofisa kwenye kambi ya macho, wanawe walikuwa wakali eti baba anakatwa na mtu ambaye hata si daktari. Kazi yenyewe haikuzidi nusu saa. Kesho yake bandeji ikatolewa, mzee akaangalia mfereji wa bahari, akasema nani ametia rangi maji haya. Ni kweli hutokea, mtoto wa jicho ni kama kuvaa kioo cha kahawia miaka mingi, ukikitoa buluu inakurukia. Na ndani aliachiwa lenzi ya plastiki, kitu ambacho watoto wa siku hizi hawakishangai ila sisi twakumbuka wazee waliofanyiwa zamani, walitolewa lenzi wakapewa miwani mizito kama vitako vya chupa za soda. Wazo la kuweka plastiki ndani lilimjia daktari mmoja Muingereza, Harold Ridley, aliyeona marubani wa vita vipande vya kioo cha plastiki cha ndege vimewaingia machoni na jicho halikugomba navyo. Akaweka lenzi ya kwanza London mwaka 1949, na madaktari wenziwe wengi wakampinga kwa miaka. Nilipomsimulia nahodha akasema basi hata mimi nina ndege.

Haya, turudi kwa Mama. Klinikal ofisa alimuanzishia matone siku ile ile, akaandika barua, akasema hii yangu imefika mwisho, huyu lazima aonwe na daktari bingwa. Nataka mlione hilo. Alijua mpaka wake uko wapi, akautaja kwa sauti.

Boti mpaka Mokowe, basi, Witu, Garsen, Malindi tukamchukua dada, Mombasa. Siku nzima ya kutikiswa. Daktari bingwa wa macho ni mtu aliyesomea udaktari mzima kwanza, miaka kama 6, moyo, mapafu, kuzalisha, kila kitu, akafanya intanshipu, ndipo akarudi kusomea macho peke yake miaka mingine mitatu au minne. Hiyo ya mwili mzima mimi niliidharau mpaka nilipoona faida yake. Swali la kwanza alilomuuliza Mama halikuwa la macho. Alimuuliza: una pumu? Mama hana, ila tukauliza kwa nini. Kwa sababu moja ya dawa za kawaida za presha ya macho, timololi, tone moja tu likiteremka likaingia damuni linaweza kumbana mtu wa pumu kifua. Tone la jicho! Akauliza sukari, akauliza mapigo ya moyo, akauliza nani kwenu alipofuka, Mama akanyamaza kidogo akasema mamake alikuwa haoni mwisho wake, walidhani ni uzee.

Akatiwa kwenye mashine nyengine, kama bakuli kubwa jeupe unaingiza uso, vinukta vya taa vinawaka hapa na pale, ukiona unabonyeza kitufe. Mama alitoka analalamika kuwa mashine inamdanganya, muda mrefu haiwashi chochote. Ilikuwa inawasha.

Alipoelezwa kuwa kilichopotea hakirudi, si kwa dawa si kwa kisu, mshipa ukishakufa umekufa, Mama aliuliza swali ambalo na mimi nilikuwa nalo: "Basi nimekuja huku kote kufanya nini?" Daktari hakukimbilia kumpoza. Akamwambia umekuja kulinda kilichobaki, mama, na kilichobaki kinatosha kushona, ukikitunza. Kuna matone, kuna leza, kuna opereshini ya kupunguza maji ndani ya jicho, ataanza na matone aone presha itashuka wapi. Halafu akatugeukia sisi watatu kwenye ukuta. Nyinyi ndio watoto? Nyote mpimwe, ugonjwa huu hupita kwenye damu.

Dawa ikaandikwa lakini aliyeifanya ikawa dawa ni sista. Sista wa macho, nesi aliyesomea macho, mama wa makamo, alitukalisha pembeni akasema nionyesheni mnavyotia. Dada akatia kwa madaha, matone matatu, mawili yakaenda shavuni. Sista akacheka akasema hayo ya shavuni ni pesa. Akafundisha: nawa mikono, lala au inua kichwa, vuta kope ya chini iwe kama mfuko, tone moja, moja tu, ncha ya chupa isiguse jicho, funga jicho bila kulikaza, bonyeza hapa kwenye kona karibu na pua dakika moja mbili ili dawa isiteremkie kooni. Ukiwa na chupa ya pili ngoja dakika 5, la sivyo la pili linaosha la kwanza. Kila siku saa ile ile, maisha. Hakuna kusema leo naona vizuri naruka, kwa sababu glakoma haiumi na haikwambii. Mama akauliza dakika mbili atazijuaje akiwa amefumba macho. Sista akamwambia hesabu mpaka 120. Mama akasema yeye atasoma Fatiha na Qul-huwa-Llahu mpaka zitoshe.

Mimi nilipimwa Malindi wiki mbili baadaye, na hapa ndipo nilipokutana na yule wa mwisho ambaye nilikuwa namchanganya na kila mtu, mtaalamu wa optometria. Huyu naye si daktari, si fundi wa miwani. Amesomea kuona kwenyewe, shahada kamili, wengi wametoka Masinde Muliro kule Kakamega, wengine wana diploma ya KMTC. Hakuishia kwenye puto. Alinivisha lile lifremu zito la majaribio, unaonekana kama roboti wa katuni, akawa anatia na kutoa vioo, hii au hii? Ya kwanza au ya pili? Nikajibu ya pili. Na sasa? Hii au hii? Unafika mahali unaona aibu kwa sababu zinafanana, unahisi umefeli mtihani, mpaka akaniambia zikifanana sema zinafanana, hilo ni jibu. Nikapumua. Nina kasoro kidogo ya jicho la kulia, ndiyo iliyokuwa ikiniumiza kichwa nikikaa na simu za wateja siku nzima. Halafu akapima presha kwa ile mashine ya pumzi, pfu! inakupulizia jicho, nikaruka mbele za watu. 17 na 18. Akaangalia mshipa, akaandika kila kitu kwenye kadi, akasema leo uko salama, kwa ajili ya mama yako rudi kila mwaka, na ningeona lisilo la kawaida ningekupeleka kwa bingwa. Dada wa Mombasa yake ilikuwa 24, naye anafuatiliwa. Dada wa Malindi bado anasema hana nafasi, na akisoma hapa ajue namsema yeye.

Nilimuuliza yule bwana mbona kijana wa duka lile lengine hakumpima Mama presha. Akauliza alikuwa nani, optometria au muuzaji? Sijui. Alikuwa na cheti ukutani? Sikuangalia. Akaacha hapo, naye ana adabu, lakini nilielewa. Ningeuliza swali moja tu siku ile, wewe ni nani kwenye mambo ya macho na kazi yako inafika wapi, kijana angenijibu, hakuwa mwongo. Na yule fundi mzee alituuliza kabisa, sisi tukamjibu uongo bila kujua.

Kuna mmoja zaidi, tulimpata baadaye kupitia kwa sista. Kazi yake ni watu ambao macho yao yamebaki kidogo, kuwafundisha kutumia kile kidogo. Hakumpa Mama dawa wala miwani. Alimpa taa ya kuinamisha ambayo mwanga wake unatoka upande wa bega, kitambaa cheusi cha kuweka mapajani ili kofia nyeupe ijitokeze, na akamfundisha kugeuza kichwa. Kitu kidogo hivyo. Kabla ya kuvuka, kabla ya kuingia kona, kichwa kushoto kwanza, kama dereva anayeangalia kioo. Mama aliona ni mchezo wa watoto. Nikawa namuona ukumbini anajifunza peke yake, anatembea hatua tatu, kichwa kushoto, hatua tatu, kichwa kushoto, na akiniona anajifanya anatafuta kitu.

Presha yake sasa ni 15 na 16. Saa mbili usiku simu yangu inalia alamu, naye tayari ameshalala chali kwenye kitanda cha ukumbini ananingoja na kichupa, dirisha wazi, nasikia anasoma kwa sauti ya chini huku kidole kiko kwenye kona ya jicho. Kofia aliyoiacha njiani ameirudia, imebaki safu ya juu. Ijumaa iliyopita nilikuwa nimekaa barazani naye akitoka kwenda msibani, kijana mmoja akaja na punda wawili wamebeba saruji, simile, simile, nikainuka nusu. Mama akasimama. Akageuza kichwa kushoto, taratibu, mpaka mwisho kabisa, akawatazama punda wote wawili, akajibana ukutani, akamwambia yule kijana pita, nimekuona.